Yangeyange wa Nkololo na Ng'ombe wa Kabula

Asifiwe Mungu, aliyempa kila kiumbe chakula chake na asimwambie jirani ni chakula gani. Anisamehe kwa yale niliyoyasema kwa niaba yake bila kutumwa, na anisaidie niyasimulie ya Nkololo kama yalivyokuwa, si kama ningependa yawe.

Nilisafiri kwa ajili ya mjukuu wangu Kabula, fundi cherehani wa hapa Bariadi, binti wa mwanangu Maduhu. Alikuwa amechumbiwa na Masanja, mkulima wa pamba wa Nkololo anayefuga pamoja na baba yake, mzee Luhende. Mazungumzo ya mahari yalikuwa yamekwisha. Ilibaki kazi moja ya zamani, nayo ni upande wa binti kumtuma mtu akawakague ng'ombe kabla hawajatoka zizini. Mkaguzi huchagua, na kila ng'ombe anayemtaka humgusa mgongoni kwa fimbo. Akishaguswa ameguswa. Mwenye zizi haruhusiwi kumsifia ng'ombe wala kumkashifu mbele ya mkaguzi, na mkaguzi haruhusiwi kumbadili aliyemgusa. Wazee wetu waliweka utaratibu huo kuzuia ugomvi. Nadhani walitegemea kwamba mkaguzi atakuwa mtu anayewajua ng'ombe.

Kazi hiyo ni ya baba wa binti. Lakini Maduhu anafanya kazi ofisini, na ng'ombe anawafahamu zaidi wakiwa wameshaiva. Akanituma mimi, kwa kuwa nilikulia machungani kabla kanisa halijanichukua kuwa katekista. Alinipa sharti moja. Dada yake Kabula alipoolewa, ng'ombe wake walikuja na kupe, wakafa wote kabla ya mavuno, na ndugu hawajaacha kutusema mpaka leo.

"Baba," aliniambia, "wakifa tena watasema tunawaoza mabinti kwa ngozi. Ukiona wana kupe, rudi mikono mitupu. Harusi hakuna."

Kabula alikuwa chumba cha pili akishona. Nilisikia cherehani ikinyamaza.

Sikuwa na wasiwasi, maana nilikuwa na elimu. Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto wa katekisimu juu ya yangeyange, yule ndege mweupe anayetembea na ng'ombe. Niliwaambia kwamba Mungu alimweka ndege amtoe ng'ombe kupe, na ng'ombe ampe ndege chakula, kila mmoja akimhudumia mwenzake bila kudai shukrani. Ni somo zuri. Watoto walilipenda, na paroko alilisifu. Sasa nikaona lina matumizi mengine: kama yangeyange anakula kupe, basi penye yangeyange pana kupe, na ng'ombe asiye na ndege ni ng'ombe safi. Sikuhitaji kuinua mkia wa ng'ombe hata mmoja. Hoja ilikuwa nyepesi mno, nikashangaa kwamba hakuna aliyewahi kuifikia. Nikamshukuru Mungu kwamba ameniachia mimi.

Asubuhi ya safari Kabula alinisindikiza hadi kwa waendesha bodaboda. Alinifungia koti vifungo kama mtoto.

"Guku," aliniita, yaani babu, "macho yako bado yanaona vizuri?"

"Yanaona, ng'wanawane."

"Basi huko watazame ng'ombe. Usitazame sana mbinguni."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikwishapima kitambaa cha gauni lake, na alikuwa hajathubutu kukikata.

Barabara ya Nkololo ilikuwa imelainishwa na mvua. Pande zote nchi ilikuwa ya kijani, majani yakifika magotini. Tulipita shamba la pamba ambamo mtu alikuwa akipiga dawa kwa bomba la mgongoni. Halikuwa na ndege hata mmoja. Mbele kidogo tukayakuta majaruba ya mpunga, kinamama wameinama wakipalilia, na nyuma yao kundi la yangeyange likiwafuata hatua kwa hatua, weupe kama nguo zilizoanikwa. Yalikuwa majira yao ya kuzaa, utosi na kifua vimeingia rangi ya chungwa.

Mwendesha bodaboda alipunguza mwendo. "Mzee, wale ndege wanatafuta nini kwa wale akinamama?"

Nikamweleza habari ya kupe, kwa kirefu.

Akafikiri. "Kwa hiyo wale akinamama wana kupe?"

Nilimwambia atazame barabara.

Namshukuru Mungu aliyenipa macho ya kuyaona yote mawili, shamba lisilo na ndege na majaruba yenye ndege, katika safari moja ya asubuhi. Kuelewa hakukuwemo kwenye nauli.

Nkololo tulifika jua likiwa limepanda. Boma la Luhende limezungukwa na minyaa mirefu, na nyuma yake ardhi inateremka taratibu hadi kwenye lambo. Mzee mwenyewe alitoka kunipokea, mrefu, mwenye maneno machache, koti limekunjwa begani.

"Mwangaluka, mkwe."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

Tulisalimiana hivyo kwa zamu mpaka tukaulizana habari za kila mtu na za mvua. Mkewe alileta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, na mtindi kwenye kibuyu. Pembeni, juu ya kigoda, alikaa Nkwimba, dada mkubwa wa Luhende, mjane ambaye hakubatizwa na hakuona sababu ya haraka. Aliniangalia kuanzia kiatu hadi kofia.

"Namhala wa kanisa kaja kukagua ng'ombe," alisema, akiniita mzee kwa Kisukuma. "Nani kabaki kukagua roho?"

"Roho zinakaguliwa na Mungu, dada."

"Ahaa. Ng'ombe ndio kakuachia wewe."

Nilimwombea kimyakimya, tukashuka machungani.

Machungani, kando ya lambo, kundi lilikuwa limetawanyika. Karibu kila ng'ombe aliyekuwa akitembea na kula alikuwa na yangeyange wake. Mbele kabisa kulikuwa na mtamba mwekundu, ngozi inang'aa, akikata majani kwa pupa, na ndege wakimzunguka miguuni. Masanja, bwana harusi mtarajiwa, alikuwa amesimama karibu naye, akijitahidi asimtazame. Nilielewa kwamba huyo ndiye waliyemwandaa. Nilimhurumia yule kijana. Huyo ndiye aliyejaa kupe kuliko wote.

Nikampita. Luhende akakohoa.

Nikampita na mwenzake wa rangi ya maziwa, mwenye ndege wawili. Luhende akakohoa kwa nguvu zaidi. Nikamwuliza kama amepata mafua. Akasema hapana, ni vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake.

Chini ya mgunga mmoja nikawakuta niliowataka. Walisimama peke yao, vichwa vimeinama, bila haraka, bila kugombania majani, na hakuna ndege aliyewasogelea. Mmoja wao, jike la kijivu, alikuwa na machozi yakimtiririka usoni. Nilisimama mbele yake nikaguswa moyo.

"Mkwe," nikamwambia Luhende, "waangalie hawa walivyotulia. Kama watu walio katika sala."

Luhende aliniangalia. Akafungua mdomo, akakumbuka mila, akaufunga. Nikaanza kuwagusa kwa fimbo yangu ya mpingo, ile niliyopewa na waumini nilipostaafu, nikianza na yule wa kijivu. Nilipomgusa wa tatu, Luhende alikuwa ameacha kukohoa. Nilipomaliza, alikuwa anatabasamu.

"Umechagua mwenyewe, mkwe," alisema. "Wabeja sana."

Nikasema moyoni: tazama wema wa mtu huyu, anashukuru hata kwa kupunguziwa mali.

Jioni, kwenye chakula, mila ilikuwa imekwisha kazi yake na sasa tungeweza kusema. Masanja hakula. Aliusukuma ugali, akatoka. Ndipo Luhende akaniuliza, kwa upole wa mtu aliyeshinda, kwa nini nilimwacha mtamba mwekundu.

"Ana kupe," nikasema. "Ndege wamejaa kwake. Ndege huenda penye chakula."

Luhende akaweka tonge chini. "Mkwe, ni kinyume. Ndege wakimkaa ng'ombe, wanamsafisha. Mwenye ndege ndiye msafi. Wale wako ndege wamewakataa, ndiyo maana wako vile. Kwani mimi kwa nini niliacha kwenda josho? Watu wanaswaga ng'ombe kila wiki kwenda kuwatumbukiza kwenye dawa, na mimi nina dawa inayoruka, inakuja yenyewe asubuhi."

"Hujawaogesha?"

"Tangu mvua zianze. Ya nini?"

Tulibishana kwa adabu kama wakwe. Sote wawili tulikubaliana kabisa kwamba yangeyange anakula kupe. Tulichobishania ni kama hiyo ni habari njema au mbaya.

Nkwimba alitusikiliza mpaka alipochoka. "Nyie wote hamna kitu," alisema. "Wale weupe ni wa wazee waliotangulia. Wanakuja kuwatembelea ng'ombe wao. Mtu akitembelewa, mnaanza kuuliza mgeni amekula nini?"

Nililala nikimshukuru Mungu kwamba angalau mtu mmoja katika boma lile alikuwa na elimu sahihi.

Alfajiri niliamshwa na sauti ya Masanja zizini. Nilitoka na kofia mkononi. Yule jike wa kijivu, niliyemgusa wa kwanza, alikuwa amelala ubavu, povu puani. Hakuamka. Alivuta pumzi mara chache zaidi tukimwangalia, akaacha.

Nilipiga magoti karibu na kichwa chake, nadhani nilitaka kuomba, na nikiwa chini hivyo ndipo nilipofanya kwa mara ya kwanza kazi niliyotumwa. Nilimshika sikio. Ndani lilijaa kupe hadi ngozi haionekani. Tezi chini ya sikio ilikuwa imevimba kama yai. Nikafunua mkia, vivyo hivyo. Yale machozi yalikuwa ya ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe.

"Mkwe," nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, "huyu hakuwa na ndege, na ana kupe."

"Nilikuambia," alisema Luhende. "Walimkataa."

"Basi tumwangalie mwekundu."

Masanja akamshika mtamba mwekundu pembe. Luhende mwenyewe akainama, akamwinua mkia. Akatazama masikio. Akatazama ngozi inayoning'inia shingoni. Alipoinuka, lile tabasamu la jana halikuwepo.

"Na huyu anao," alisema.

"Na ana ndege."

"Na ana ndege."

Tulisimama pale, wazee wawili wenye hoja mbili, na ng'ombe mmoja aliyekufa katikati. Nilifikiri juu ya Maduhu na sharti lake. Kwa sharti hilo kazi ilikuwa imekwisha: zizi zima lilikuwa na kupe, na mimi nilitakiwa kupanda bodaboda na kurudi kumwambia Kabula akiuze kitambaa. Masanja alilielewa hilo pia. Alikuwa ameegemea mti wa zizi, uso kwenye mikono.

Jua lilipochomoza nilimwomba Luhende jambo moja kabla sijaondoka. Nilimwomba tukae machungani pamoja, tumtazame ndege mmoja, mmoja tu, tusimwache mpaka tuone anakula nini. Katika miaka yote niliyofundisha habari zake, nilikuwa sijawahi kufanya hivyo. Naye, mwenye ndege hao asubuhi na jioni, hakuwahi.

Tulikaa juu ya kichuguu. Ndege wetu alikuwa kando ya mguu wa mbele wa mtamba mwekundu. Alitembea naye sambamba, akichezesha shingo huku na huku kama mama anayetunga uzi kwenye sindano. Mtamba akapiga hatua. Panzi akaruka. Ndege akamdaka. Hatua nyingine, panzi mwingine. Mtamba akasogea penye majimaji, chura akatoka chini ya kwato; ndege akamkamata, akamtikisa, akamchovya majini, akammeza, na shingo ikavimba ikashuka. Mara tukamwona na mjusi mdogo. Kisha panzi tena, na tena.

"Hajala kupe," alisema Luhende.

"Bado."

"Ngoja."

Tukangoja. Mtamba akainamisha shingo, na pale kwenye ngozi inayoning'inia kulikuwa na kupe mnene kama mbegu ya mbarika, usawa kabisa na mdomo wa ndege. Luhende alinishika mkono. Ndege na kupe walikaa hivyo, karibu karibu, kama majirani wasiosalimiana. Kisha mtamba akapiga hatua, panzi akaruka, na ndege akamfuata panzi.

Mtamba aliposhiba na kusimama, ndege alimtazama kidogo, akamwacha, akaenda kwa mwingine anayetembea. Hakuaga.

"Kwa hiyo," alisema Luhende polepole, "anamfuata anayetembea."

"Na anayetembea ni anayekula. Na anayekula ni mzima."

"Na wale wa chini ya mgunga hawatembei."

"Hawakuwa wanasali, mkwe."

Sisemi kwamba yangeyange hawezi kamwe kumeza kupe. Labda akimkuta njiani hamkatai. Nasema tu kwamba tulikaa mpaka jua likatuchoma, tukimwangalia kiumbe tuliyemsifia kwa huduma yake maisha yetu yote, naye alikuwa akishughulika na jambo lake.

Tulirudi bomani tukiwa wapole. Nikamwambia Luhende kwamba mwekundu na wenzake wana kupe lakini bado wana afya, na wakiogeshwa mara moja na kuendelea kuogeshwa, ningeweza kusimama mbele ya mwanangu. Niliowagusa siwezi kuwapeleka, watafia njiani. Lakini walikuwa wameguswa.

Luhende alitikisa kichwa. "Mila ni mila, mkwe. Nikibadili mimi, watasema nimekupora. Ukibadili wewe, watasema umezidiwa na tamaa ya mwekundu. Na mdomo wa Nkololo unafika Bariadi kabla ya bodaboda."

Masanja alisema, "Baba, kwa hiyo nisioe kwa sababu ya fimbo?"

Hapo Nkwimba aliinuka kwenye kigoda chake. Alikuwa ametusikiliza tukieleza habari za panzi, na sikuona kama zilimgusa popote.

"Mnataka ng'ombe wa mahari watoke kwenye lango hili bila ndege mweupe hata mmoja?" alimwuliza mdogo wake. "Wapite barabarani, watu wote wakiona kwamba wazee wetu hawakuwasindikiza? Waseme boma la baba yangu limeachwa? Luhende, mimi bado niko hai."

Akanyoosha mkono kwangu. "Lete hiyo fimbo."

Nilidhani anataka kuiangalia. Aliishika pande mbili, akaiweka gotini, akaivunja. Mpingo, wasomaji wangu. Sikujua kwamba goti la mwanamke wa umri ule linaweza.

"Imekufa," alisema, "na maneno yake yamekufa nayo. Nani anadai kwa fimbo iliyokufa? Masanja, mkatie namhala fimbo nyingine. Iwe nyembamba, hii ilikuwa na kiburi."

Luhende alitazama vile vipande viwili chini, akashusha pumzi. Hakupinga. Mila ile ilikuwa ya baba yao, na Nkwimba ndiye aliyekuwa mkubwa.

Nimefikiri sana juu ya saa ile. Mimi nilikuwa na imani safi na hoja mbovu, na hoja yangu ilikaribia kumnyima mjukuu wangu mume. Nkwimba alikuwa na sababu ambayo nisingeweza kuifundisha katika kanisa lolote, na sababu hiyo ndiyo iliyofungua njia. Nilimwuliza Mungu juu ya mpangilio huu. Bado hajanijibu, na mimi ni mtu wa subira.

Siku ya josho iliangukia kesho yake, nikabaki. Tuliwaswaga wote, wazima na wagonjwa wanaoweza kutembea. Jirani mmoja wa Luhende, aliyekuwa akingoja zamu na ng'ombe wake, hakuiacha nafasi.

"Luhende! Ndege wako wamegoma?"

"Wamekwenda likizo," alijibu Luhende.

"Na huyo mzee mwenye koti ndiye kawaombea ruhusa?"

Nilivua kofia nikamsalimu. Ng'ombe wakatumbukia mmoja mmoja, wakaogelea vichwa juu, wakatoka wakitiririka maji ya dawa na harufu inayochoma pua. Bwana mifugo aliwachoma sindano wale wagonjwa, akasema wawili watapona na mmoja hana hakika naye.

Nilikuwa na shaka moja iliyobaki, kama ndege wataikimbia dawa, na nilimwona Luhende naye anayo. Tulipowatoa malishoni wakiwa bado wamelowa dawa, yangeyange waliokuwa kando ya lambo waliinua shingo. Kisha wakaja, wakajipanga miguuni kama jana. Panzi hawakuwa wamebadilika.

"Unaona?" alisema Nkwimba. "Wazee hawajali harufu."

Sikumbishia. Niligusa kwa fimbo mpya: mwekundu, wa rangi ya maziwa, na wengine waliokuwa wakitembea. Safari hii kwanza niliinua kila mkia.

Siku ya kurudi tulitoka lango la minyaa mapema, mimi na Masanja na ng'ombe. Nkwimba alisimama akihakikisha. Yangeyange walitufuata hadi mwisho wa majani, wakafika kwenye barabara kavu, wakaona hapana cha kuruka, wakageuka. Sikumwambia Nkwimba. Alikuwa ameshaona alichotaka.

Nilipochoka kutembea Masanja alinipakia kwenye baiskeli ya msamaria mmoja aliyekuwa akienda mnadani, yeye akaendelea nyuma na ng'ombe. Njia nzima nilitunga jibu la kumpa mwanangu. Lilikuwa fupi, la kweli kwa sehemu kubwa, na ndani yake mimi nilionekana vizuri.

Bariadi tulifika jua likilegea. Maduhu alikuwa ametoka kazini, bado na shati la ofisini. Alifungua lango la uani, ng'ombe wakaingia. Kisha, kwa mshangao wangu, akakunja mikono ya shati na kuwakagua mmoja mmoja, masikio, mikia, shingo. Alikuwa amejifunza kwa wale waliokufa. Kabula alisimama mlangoni mwa chumba chake, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Hakuwatazama ng'ombe. Alikuwa akinitazama mimi.

"Safi," alisema Maduhu. "Baba, ulichaguaje?"

Lile jibu langu la njiani likafika kwenye ulimi. Nikalimeza. Nikamweleza yote: kwamba nilichagua wagonjwa kwa kujiamini, kwamba mmoja alikufa chini ya baraka zangu, kwamba zizi zima lilikuwa na kupe mpaka juzi, na kwamba mila ilifunguliwa na mwanamke asiyebatizwa kwa goti lake.

Maduhu alimrudia mwekundu, akamshika sikio tena. "Walikuwa na kupe," alisema.

"Walikuwa nao."

"Nilisema nini kuhusu kupe, baba?"

"Ulisema nirudi mikono mitupu."

"Josho moja ni kazi ya siku moja. Baada ya wiki kupe wanarudi. Nani atawaogesha? Wewe? Mimi?"

"Mimi, baba," alisema Masanja. Alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Hakuwahi kumwita baba kabla ya siku ile. "Wa hapa na wa kule. Kila siku ya josho la huku nitakuja. Ukiona nimeruka wiki moja, warudishe wote."

Maduhu alimtazama, akamtazama binti yake, akatazama viatu vyake vya ofisini vilivyokwishaharibiwa na samadi.

"Kabula," alisema, "funga lango. Ng'ombe wasije wakatoka."

Kabula alilifunga, akapitisha komeo, akaingia chumbani kwake. Baada ya muda mfupi tukasikia mkasi ukipita kwenye kitambaa.

Mtu akirudi safari huulizwa amejifunza nini. Nimejifunza kwamba yangeyange anakula panzi. Ni elimu ndogo kwa uhai wa ng'ombe mmoja, lakini ni yangu, nimeiona. Jumapili iliyofuata niliwaambia watoto wa katekisimu kwamba lile somo nimeliondoa. Wakauliza sasa mfano wa kuhudumiana bila kudai shukrani ni upi. Nikasema bado natafuta, na kwamba wao pia watafute, lakini wakiupata wautazame kwa muda mrefu kabla ya kuniambia.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe watu wa kutembea nawe, hata kama wanafuata panzi wako. Akupe pia mmoja atakayeinua sikio lako na kuona kinachokunyonya, na akupe utulivu wa kumwachia aangalie. Amina.